Waliopita Kwenye Chujio

"Usitikisike," mke wake alisema. "Ukitikisika nitakupaka hadi shingoni, watadhani umetoka kuchimba makaa."

Mabano alikuwa ameketi kwenye kigoda bafuni, taulo kuukuu mabegani, miaka hamsini na minne kichwani, na mke wake akiifuta mwaka mmoja mmoja kwa mswaki uliochovywa kwenye rangi nyeusi. Rangi iliwasha na kunuka kama dawa ya viatu. Mke wake alikuwa fundi cherehani, mkono wake haukuwa na papara, lakini tone moja lilimponyoka likamdondokea mumewe sikioni. Walilisugua kwa sabuni, wakalisugua kwa mafuta. Doa halikutoka.

"Basi ukifika kaa upande," mke akasema. "Waoneshe sikio zima."

"Nikae upande kwenye intavyu? Kama mfungwa anayepigwa picha?"

"Kwani wewe si mfungwa? Miezi kumi na tisa uko humu ndani unanihesabia vifungo."

Miezi kumi na tisa iliyopita, kampuni aliyoitumikia miaka ishirini na miwili 'ilijipanga upya', maana siku hizi mtu hafukuzwi, anapangwa upya hadi nje ya geti. Tangu hapo ametuma maombi zaidi ya mia mbili. Alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta, na si wa kubahatisha. Mifumo aliyoiandika ilikuwa ingali ikifanya kazi katika ofisi ambazo sasa hazimjui. Jina la Mabano alipewa na vijana aliowafundisha kazi, kwa vile alikuwa akipita nyuma ya viti vyao akigomba: "Umefungua mabano, funga mabano! Kwenu mnaacha mlango wazi?" Vijana wale sasa ni mabosi huku na huko. Simu zake hawapokei.

Binti yao, karani wa kampuni ya kusafirisha mizigo, ndiye aliyempa ujanja. Alikaa naye mezani, akausoma wasifu wake kurasa zote tano, akaguna.

"Baba, humu umeandika mpaka enzi za kompyuta zilizojaa chumba kizima. Nani atasoma?"

Akakata miaka kumi na saba ya mwanzo. Aliikata kama anayekata kucha, huku akitafuna karanga. Halafu pale palipoulizwa mwaka wa kumaliza chuo, akausogeza mbele miaka kumi na minne.

"Huo ni uongo," Mabano alisema.

"Ni uongo, ndiyo. Na wewe huna kazi, ndiyo. Tuma."

Akatuma. Siku ya pili yake akaitwa, mara ya kwanza katika miezi kumi na tisa.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, vioo vitupu, viti vya rangi rangi kama vya shule ya chekechea. Katikati ya ukumbi palikuwa na meza ya mpira ambayo hakuna aliyekuwa akiichezea. Bosi alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, raba nyeupe pee, shati nje. Alitoka mbio hadi mlangoni mkono ukiwa umeshanyooshwa wa salamu. Akauona uso wa mgeni. Mkono ukasita, ukarudi kifuani, kichwa kikainama kidogo.

"Shikamoo, mzee."

Shikamoo ni neno zuri. Mtu hulipokea kwa mtoto wa jirani akafurahi siku nzima. Lakini ile ya pale mlangoni ilikuwa hukumu, tena iliyosomwa kabla ya kesi, na Mabano aliisikia hivyo hivyo. Angefanyaje? Aikatae?

"Marahaba," akasema.

Afisa Ajira, mwanamke mwenye kucha ndefu na kishikwambi mkononi, alitazama kishikwambi, akamtazama Mabano, akarudi kwenye kishikwambi.

"Hapa umemaliza chuo mwaka..."

"Nilichelewa kuanza," Mabano akasema upesi, huku amekaa upande.

"Aa. Hamna shida, mzee wangu. Sisi hapa hatubagui. Jina hatuoni, sura hatuoni, umri hatuoni. Maombi yote yanapita kwenye Chujio, programu yetu wenyewe. Linachambua, linawaandikia waliokosa, linawaita waliopata, linapanga na siku. Mimi naletewa namba tu. Wewe ulikuwa namba mia tatu na nane."

Kisha wakampa mtihani. Hawakumpa karatasi, walimpa kompyuta, na ndani ya kompyuta palikuwa na Chujio lenyewe. Lilikuwa limezeeka ghafla, Bosi Kijana alieleza, likachambua fungu moja la maombi kwa dakika kumi na moja. "Tuone utalifanyaje, mzee. Jaribio tu."

Mabano alijua kwa kulitazama mara moja kwamba halikuwa jaribio. Humo mlikuwa na majina ya watu halisi na simu zao. Ilikuwa kazi ya kampuni, iliyowashinda wenyewe, wanaigawa kwa watu wenye njaa ya ajira na kuiita mtihani. Alijua. Akakunja mikono ya shati akaifanya, kwa sababu vidole vyake vilikuwa na kiu ya miezi kumi na tisa, na kwa sababu bado alikuwa na matumaini, Mungu amsamehe.

Saa ya tatu ya kazi ndipo alipoukuta mstari ule. Ulikuwa mfupi. Ulichukua mwaka wa kumaliza chuo, ukakisia umri wa mwombaji, na kama umri ulikuwa mkubwa kuliko arobaini, ombi lilitupwa kabla halijasomwa neno la pili.

"Na hii?" aliuliza.

Bosi Kijana aliinama akatazama. "Ah, hiyo usiiguse. Hiyo ni sera."

"Sera ya nani?"

"Ya kampuni. Unajua, mzee wangu, hii kazi ni ya damu changa. Si ubaguzi. Ni suala la kasi tu."

"Sasa mimi nimefikaje hapa?"

"Wewe ulipenya!" Bosi Kijana akampiga bega kwa kicheko, na vijana wote wa pale mezani wakacheka, na Mabano naye akacheka. Baadaye hicho ndicho kilichomuuma kuliko yote, kwamba alicheka nao, tena kwa sauti.

Kabla ya saa kumi alikuwa amemaliza. Kosa lilikuwa la kitoto. Kila Chujio lilipotaka kujua jambo moja kuhusu mwombaji, lilisoma upya maombi ya watu wote, kama mtu anayemwaga gunia zima kila anapotaka kitunguu kimoja. Dakika kumi na moja zikawa sekunde nne. Vijana wakampigia makofi. "Mzee ni moto!" mmoja akasema. Wakakipiga picha kioo cha kompyuta, yeye hawakumpiga.

"Tutakupigia," Afisa Ajira akasema.

Barua pepe iliingia Jumanne. Aliisoma amesimama katikati ya sebule, karibu na cherehani. *Tumevutiwa sana na uzoefu wako. Hata hivyo, kwa sasa tunatafuta mtu atakayeendana na kasi ya timu yetu changa.* Mke wake akaondoa mguu kwenye pedali.

"Kasi," Mabano alisema. "Dakika kumi na moja kuwa sekunde nne. Walitaka nini tena, niwazunguke mbio?"

"Wamekufanyisha kazi bure, baba. Halafu wamekufungia mlango."

Mabano hakulia. Huzuni alikuwa ameizoea, amelala nayo na kuamka nayo. Kilichomwingia siku ile kilikuwa kitu kingine, chenye meno, na kilikuwa kinamtaka mtu. Alikuwa akipiga mswaki anaziona zile raba nyeupe. Alikuwa akipasi gauni la mteja kumsaidia mke wake, pasi inatulia mahali pamoja mpaka kitambaa kinatoa moshi.

"Hilo gauni ni la watu!" mke wake akapiga ukelele.

Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja simu ikalia.

"Shikamoo, mzee wetu!" Sauti ya Afisa Ajira ilikuwa na sukari tele. "Habari za masiku? Kuna nafasi nyingine imejitokeza, tukakukumbuka. Ni awamu ya pili ya usaili."

Nafasi ya wapi! Chujio lilikuwa likikwama tena, mahali padogo tu, na katika timu yote ile changa hakuna aliyeelewa kilichoandikwa na mzee.

"Usiende," mke wake alisema, pini mdomoni. "Watakukamua tena kama chungwa."

"Naenda."

"Kufanya nini?"

"Kuwapa wanachokitaka."

Mke wake alimtazama usoni, akatoa pini moja moja. "Mwanaume wewe. Usije ukafungwa."

"Kwa alama moja?" Mabano akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alitabasamu kweli.

Safari ile hakupaka rangi. Aliingia na mvi zake. Pale palipokwama alipakwamua kwa nusu saa, kisha akabaki amekaa, mikono juu ya meza, akiutazama ule mstari. Katikati ya umri na arobaini palikaa kile kialama kidogo chenye umbo la mdomo wa kifaranga, kinachosema hiki ni kikubwa kuliko kile. Kidogo hivyo. Kilikuwa kimemtupa yeye mara ngapi, katika kampuni ngapi, huku akijilaumu kwamba pengine hajui tena kazi?

Akakigeuza. Mdomo uliokuwa ukitazama huku ukatazama kule. Kuanzia sasa Chujio litatupa kila aliye chini ya arobaini.

Utamu ulimpanda kutoka nyayoni. Aliuonea raha, nisimfiche. Aliwaona wote wenye raba nyeupe wakifungua simu zao na kukuta *hata hivyo, kwa sasa*. Wapate. Wasome mara mbili mbili kama alivyosoma. Waende kwa mama zao wakaulize wamekosa nini.

Na wale vijana hawakuwa na njia ya kumkamata, maana kipimo chao cha kukagua mabadiliko kilikuwa cha watu wasiojua kupima. Kiliangalia wangapi wameingia na wangapi wametoka, hesabu ikilingana kinawasha kijani. Hakikuuliza ni akina nani. Mwanafunzi wake angemletea kipimo cha namna hiyo, angemgombeza mpaka akome. Majina yenyewe walikuwa wameyaficha ili wasibague.

Bosi Kijana akapita na kikombe cha kahawa. "Imekubali?"

"Kijani tupu."

"Safi sana, mzee. Pitisha basi."

"Bonyeza wewe, bosi," Mabano akasema kwa adabu zote. "Mimi si mfanyakazi wa hapa."

Bosi Kijana akabonyeza, macho yakiwa kwenye simu yake.

Siku ile Mabano alikula sahani mbili. Kesho yake akatuma maombi upya kwenye kampuni ile ile, na safari hii aliandika miaka yake yote, hata ule wa kompyuta zilizojaa chumba. Jibu lilikuja chai ikiwa bado ya moto: *Hongera. Umechaguliwa kwa usaili. Fika Alhamisi, saa tatu asubuhi.* Akamwonesha mke wake. Mke wake alicheka mpaka akajidunga sindano.

"Utaenda?"

"Nikose? Nataka kuuona uso wake tu. Nikishauona narudi nyumbani."

Alhamisi alifika mapema, akasimama ng'ambo ya barabara, jicho kwenye mlango wa vioo. Wakaanza kuja. Kwanza mwanamume mwenye kipara na suti inayombana kifuani, ya harusi yake pengine. Nyuma yake wawili wakaja pamoja, mmoja akichechemea. Halafu watano, halafu kundi. Mabano alijizuia kucheka kwa kujiuma shavu. Kufikia saa tatu kasorobo ukumbi wa chini ulikuwa umejaa vichwa vyeupe, mlinzi akizunguka na daftari lake hajui amwandike nani. Watu zaidi ya arobaini. Mabano akavuka barabara akajichanganya nao, apate nafasi nzuri ya kutazama.

Kosa lake lilikuwa kusogea karibu. Kutoka ng'ambo walikuwa kichekesho. Hapa aliona kola zilizogeuzwa na kushonwa upya, viatu vilivyopakwa dawa juu ya nyufa. Alisikia watu wakikumbushana kwa minong'ono mambo ya kazi, kama wanafunzi nje ya chumba cha mtihani. Mzee mmoja alikuwa amefumba macho, midomo inamcheza.

"Samahani, baba, na wewe umeitwa?" Mama mmoja mwenye miwani minene alikuwa amemgeukia. Alikuwa na mkoba mkubwa begani na daftari la shule mkononi.

"Nimeitwa, mama."

"Mimi nilikuwa mwandishi wa programu wa benki. Mifumo ya mikopo yote, mimi. Mwaka wa saba huu sijaitwa popote." Aliongea haraka, macho yanang'aa. "Nimekuwa nikifundisha watoto wa jirani hesabu, wiki iliyopita nimewaaga. Nimesafiri siku mbili. Wiki nzima hii nimesoma hizi lugha zao mpya, ona." Akafungua daftari. Lilikuwa limejaa, kwa mkono, mstari kwa mstari, kila mabano yamefungwa. "Mwanangu aliniambia mama, achana nayo, hawatakuita. Nikamwambia kuna siku atatokea mtu mwenye akili timamu. Si unaona? Wametuita!"

Mabano aliusoma ukurasa hadi mstari wa mwisho. Ile raha ya wiki nzima ilimwishia hapo hapo.

"Utaweza," akasema mwisho, na sauti ilitoka ndogo.

Lifti ikafunguka. Bosi Kijana akatoka, Afisa Ajira nyuma yake, wakasimama ghafla. Huu ndio uso Mabano alioufuata, na aliupata wote: mdomo wazi, rangi imepotea, macho yanaruka kutoka mvi hadi mvi. Macho yalimfikia na yeye. Yakampita. Kijana aliyemlisha kazi bure mara mbili hakumtambua.

"Wazee wetu," Bosi Kijana alisema, amejikusanya. "Shikamooni. Jamani, kumetokea hitilafu. Mmeitwa kimakosa."

"Kimakosa vipi?" mwenye kipara akauliza. "Mimi ujumbe ninao hapa, una jina langu."

"Ndiyo, mzee, ni mfumo. Mfumo umeharibika."

"Kwa hiyo mfumo ukiwa mzima," mama wa miwani akauliza taratibu, "sisi hatuitwi?"

Bosi Kijana akapangusa jasho. Afisa Ajira akamnong'oneza jambo sikioni, naye akaitikia kwa kichwa, kisha akapaza sauti, na sasa ilikuwa na haraka ndani yake.

"Sikilizeni, tafadhali. Tatizo linaendelea. Kila saa linaita wengine, kesho mtakuwa mia. Fundi wetu hajui pa kuanzia. Kati yenu kuna mtu anayeweza kulirekebisha sasa hivi? Ni kibarua cha siku moja. Likitengemaa, kila mmoja wenu atapata ujumbe sahihi kwenye simu yake."

Mabano aliomba, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, kwamba wageuke na kutoka. Wamwache na Chujio lake liite mia, liite elfu, lijaze barabara.

Mwenye kipara akanyanyua mkono. Mchechemeaji akanyanyua wa kwake. Kisha mikono ikapanda ukumbi mzima, yenye mishipa, yenye madoa, mingine ikitikisika, wengine wamesimama kwa vidole vya miguu ili waonekane.

"Nyanyua, baba," mama wa miwani akamgusa Mabano kwa kiwiko, na daftari lake likiwa juu hewani. "Siku moja ni siku. Wakishatuona tunavyofanya kazi, watatuacha tuende?"

"Mama, usi..."

"Wewe mama, mwenye daftari," Bosi Kijana akaonesha kidole. "Njoo juu."

Mama alishtuka kama msichana. Akatumbukiza simu yake kwenye mkoba, akauvua begani akamsukumia Mabano mikononi. "Nishikie, nitarudi sasa hivi," akasema kwa furaha. Akaingia kwenye lifti, akiinyoosha sketi yake. Mlango ukajifunga.

Mlinzi akaanza kuwaelekeza watu nje, taratibu, wazee wetu, taratibu. Walisimama kando ya barabara kwenye jua, hawaondoki, wakingoja ujumbe sahihi. Mabano alisimama nao ameukumbatia mkoba wa mtu asiyemjua hata jina. Alijua mama yule ataiona ile alama. Mtu aliyeandika daftari lile hawezi kuipita bila kuiona. Nusu saa, labda pungufu.

Zilikuwa dakika ishirini na sita. Simu ya mwenye kipara ililia kwanza, akaitazama, akasoma kwa sauti *hata hivyo, kwa sasa*, akairudisha mfukoni. Ikafuata nyingine, na nyingine, mpaka kando yote ya barabara ikawa inalia. Halafu mkoba ukaanza kutetemeka mikononi mwa Mabano.